Ua la udongo huanzia mgongoni

Ua langu la kwanza la kauri, la kutundika ukutani, lilidumu siku tisa. Usiku wa tisa ulipita mtikisiko mdogo wa ardhi, ule ambao watu wa Nagoya, huku Japani, hawajigeuzi hata kitandani, na asubuhi nikaokota vipande kumi na moja chini ya rafu ya viatu. Wiki tatu nzima nilikuwa nimeremba uso wa lile ua. Tundu la kulitundikia nililitoboa dakika ya mwisho, katikati kabisa ya mgongo, kwa kijiti cha kulia wali.

Kwa hiyo, wewe uliyeniandikia kuuliza namna ya kuanza maua ya kauri ya kutundika, yale ya mtindo wa Kijapani, ushauri wangu wa kwanza utakukera: ligeuze ua, ushughulike na mgongo kwanza. Tundu likae juu ya katikati, karibu na theluthi ya juu, ili uzito mwingi uning'inie chini ya msumari. Litoboe kwa kulielekeza juu kidogo, kichwa cha msumari kiingie na kunasa. Wakati mzuri ni pale udongo unapofikia ugumu wa sabuni ya mche, unakatika bila kubonyea. Na lifanye pana kuliko unavyodhani unahitaji, kwa sababu udongo ukikauka na kuchomwa hunywea. Huu ninaoutumia hupungua kama sehemu moja ya kumi. Nimewahi kutoa tanurini maua manne mazuri ambayo msumari wangu haukuingia hata moja.

Nilijifunza Seto, mji ulio pembeni mwa Nagoya, kila Jumamosi kwa treni. Seto ni mmoja wa miji inayohesabiwa kuwa tanuri sita za kale za Japani, na Wajapani wengi wakisema setomono, yaani vitu vya Seto, wanamaanisha chombo chochote cha udongo, hata kikiwa kimetoka kwingine. Kuna kichochoro pale kinaitwa Kamagaki no Komichi. Kuta zake zimejengwa kwa vibao, mitungi na matofali yaliyochoka kazi ya tanurini, duara kando ya mraba, hudhurungi kando ya kijivu. Ukifika, tembea polepole. Mimi rangi zangu zote nimezitoa kwenye ukuta ule.

Darasani hatukugusa ua kwa mwezi mzima. Tulikanda. Ukandaji wao unaitwa kikuneri: unasukuma donge huku unalizungusha mpaka mikunjo inajipanga kama petali za kiku, ua la krisanthemamu. Wafinyanzi wenyewe husema kukanda peke yake ni miaka mitatu. Mimi niliyekulia kwenye kukanda unga wa chapati kila Ramadhani nilidhani nitawapita wenzangu mbio. Wapi! Chapati unaikunja, udongo ukiukunja hivyo unafungia hewa ndani, na sensei, mwalimu wetu, alikuwa akilikata donge langu kwa waya na kunionyesha vitundu bila kusema neno.

Kuhusu aina ya ua, usianze na sakura, ua la mcheri. Najua ndiyo unayoitaka. Lakini petali zake tano ni nyembamba, na kila moja ina mkato mdogo kwenye ncha. Ukiusahau mkato huo na kuziacha za mviringo, umefinyanga ume, ua la plamu, na mwenyeji atalisifu kwa adabu kwa jina hilohilo. Isitoshe wanaoanza hulipaka waridi la pipi, ilhali sakura aina ya Somei-yoshino, inayojaa mijini kote huku, ukiiona karibu inakaribia kuwa nyeupe. Anza na tsubaki, ua la kamelia. Petali zake ni nene, chache, zimeshikana kitakoni kiasi kwamba ua halisi mara nyingi huanguka zima zima badala ya kupukutika. Udongo unaipenda.

Kila petali ikwaruze pale inapounganika, paka uji wa udongo, bonyeza. Kisha vumilia. Ncha za petali hukauka siku mbili wakati kitako bado kibichi, na hapo ndipo nyufa zinapoanza. Mimi hufunika ua kwa mfuko wa nailoni uliolegea, ncha nazifunga kwa vipande vya gazeti lenye unyevu, siku kumi. Ua likipasuka tanurini watu hulaumu hewa. Mara nyingi mkosaji ni maji yaliyobaki ndani yakageuka mvuke. Ndiyo maana moto wa kwanza naushikilia chini ya nyuzi 100 kwa saa kadhaa, kisha naupandisha taratibu hadi kama 800. Baada ya hapo ndipo huja glezi, ile rangi inayogeuka kioo, na moto wa pili wa nyuzi 1230 kwa udongo wa huku. Mgongoni usipake glezi hata tone. Itaganda kwenye kibao cha tanuri, na kibao ni ghali kuliko ua.

Sasa ukuta. Mwaka wangu wa pili nilikuwa na maua ishirini na sita, na yote niliyatundika. Nikampigia mama Tanga kwa video, nikageuza simu kwa fahari. Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, umefungua duka la vyombo?"

Niliudhika, lakini alikuwa ameona kile ambacho sensei alikuwa akikizungukazunguka miezi yote. Wajapani wana neno ma, nafasi iliyo kati ya vitu, na huiandika kwa mlango wenye jua ndani yake. Inasimuliwa kwamba bwana wa chai Sen no Rikyu, aliyefariki mwaka 1591, alikuwa na bustani ya asagao, maua ya mtambao yanayochanua asubuhi, iliyosifiwa sana. Mtawala Hideyoshi akaja kuitazama, akakuta yote yamekatwa. Akaingia chumba cha chai kwa hasira, na mle ndani akakuta ua moja tu.

Sikuwa na ujasiri wa Rikyu. Nilibakiza matatu. Kata maua ya karatasi ya ukubwa uleule, yabandike, ishi nayo wiki moja ukiyahamisha kabla ya kugusa msumari. Yasipange mstari. Taa iweke ubavuni ili petali zitupe kivuli. Bila kivuli, ua la udongo mchana kutwa ni sahani tu. Kama umepanga nyumba Japani, tumia pini nyembamba kwa maua mepesi: tundu la pini kwa kawaida huhesabiwa uchakavu wa matumizi, la skrubu utalilipia ukihama. Kwa kuta za bloku za pwani yetu, toboa kwa keekee na uweke skrubu ya shaba nyeupe au njano, kwani chumvi ya bahari itakula chuma. Na popote ulipo, usilitundike juu ya kichwa cha kitanda.

Likivunjika, usikimbilie gundi iliyochanganywa rangi ya dhahabu na kuiita kintsugi. Kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga chombo kilichovunjika kwa mistari ya dhahabu, hutumia utomvu wa mti wa urushi, na unahitaji majuma katika unyevu ili ukauke. Lile ua langu la siku tisa bado liko kwenye kopo.

Tsubaki moja nilimpelekea mama, imeviringishwa kwa kanga katikati ya sanduku. Kaitundika peke yake ukuta wa sebuleni, tukapiga picha, akakubali kuwa imependeza. Tulipozungumza wiki iliyofuata, kalenda ya benki ilikuwa imeshasogea kulia kwake, picha ya babu kushoto, na mama ananiuliza la pili litakuja lini, kwa sababu chini pale panaonekana patupu.