Kabla hujailaumu chai ya mgonjwa

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya meno hapa Mwanza, mtapokea watu wengi waliokulia kwenye visima vyenye floraidi nyingi, meno ya mbele yana rangi ya kahawia. Mtu wa namna hiyo akishawekewa venia, yaani gamba jembamba linalogundishwa mbele ya jino, anaitazama rangi yake kila siku kwenye kioo. Akirudi baada ya mwaka mmoja au miwili meno yamegeuka njano, usianze kumuuliza anakunywa chai ya rangi vikombe vingapi. Doa la chai hukaa juu na kwenye kingo, na ukilisugua kwa kawaida linatoka. Njano inayotokea ndani, isiyotoka kwa kusugua, mara nyingi ni ya gundi.

Gundi za mirija miwili, zinazoganda hata pasipo mwanga, nyingi zina kemikali ziitwazo amini, ambazo hugeuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Chini ya kofia nene ya gego hakuna atakayeona. Venia ya nusu milimita haifichi kitu, kwa hiyo hapo tumia gundi inayogandishwa kwa mwanga wa taa peke yake.

Hata hiyo inataka uangalifu. Ndani yake mara nyingi mna kamforakwinoni, unga wa njano unaopauka ukipigwa mwanga wa bluu wenye urefu wa wimbi wa karibu nanomita 470. Mwanga ukiwa hafifu, unjano unabaki, na rezini, yaani ile plastiki ya gundi, isipoiva hunywa maji pamoja na rangi za chakula. Basi geuza taa yako ya kugandishia sasa hivi uitazame ncha: mabaki ya rezini yaliyogandia pale, hata ya ukubwa wa punje ya mtama, yanazuia mwanga. Yafute, pima nguvu ya taa kwa kipimo chake, na wakati wa kumulika isogeze karibu, iwe wima. Naona uchungu mgonjwa anapolipia kazi ya pili kwa sababu ya ncha chafu.

Tabaka la juu la gundi linalogusa hewa haligandi sawasawa. Paka jeli ya gliserini ukingoni, mulika tena, ndipo ung'arishe. Wengi huiruka hatua hii wakiona foleni nje, na ukingo huo ndio unaoanza kushika bizari.

Rangi nayo chagua mapema, jino likiwa bado na mate, maana likikauka huonekana jeupe kuliko lilivyo.