Kwa mnaosomesha nyumbani huku Marekani na gredi ya 9 imeshawakaribia

Kila ikikaribia kiangazi napigiwa simu na wazazi wenzangu wa huku Texas, wengi Watanzania na Wakenya, wapo na Wakongo, watu ambao wamesomesha watoto nyumbani tangu wadogo bila wasiwasi, halafu mtoto akikaribia haiskuli ndo usingizi unakata. Maswali yanafanana, nimrudishe shule? kemia nitaiweza? na cheti atapewa na nani? Wawili wangu wameshamaliza na wa tatu yuko gredi ya 10, kwahiyo nimeona niyaandike yale ninayoongeaga kwenye simu, wenye watoto wadogo msome mapema.

Tuanze na hiyo hofu yenyewe. Sisi tumekulia kwenye mtihani wa taifa, darasa la saba, Form Two, Form Four, yaani miaka minne unasoma halafu wiki chache za mtihani zinaamua uende wapi. Ndo maana kichwani mwetu sekondari ni kumaliza silabasi kabla ya mtihani, na wa kuimaliza ni mwalimu aliyesomea. Ukija na akili hiyo huku lazima uogope, maana unautafuta mtihani wa Form Four na haupo. Huku kinachohesabika ni kila somo la kila mwaka kuanzia gredi ya 9, linaingia kwenye transkripti na alama yake na krediti yake, na hiyo karatasi ndo chuo kinasoma. Mtoto akizembea gredi ya 9 akisema nitakaza buti mwishoni, ile alama haifutiki. Ila na aliyepata C ya Aljebra mwaka wa kwanza ana miaka mitatu ya kuonyesha kwamba amepanda, na watu wa admisheni wanaliangalia sana hilo. Mzazi ukilielewa hili vizuri unajikuta kazi yako kubwa ni kuandika na kutunza kumbukumbu kuanzia siku ya kwanza, wala hulazimiki kuwa mtaalamu wa kila somo.

Sheria ya Texas ni nyepesi. Mahakama ya Juu ya Texas iliamua mwaka 1994 kwenye kesi ya Leeper kwamba shule ya nyumbani ni aina ya shule binafsi, kwahiyo husajili popote, huombi ruhusa kwa mtu, unatakiwa kufundisha kwa dhati kusoma, tahajia, sarufi, hesabu na uraia mwema. Kama mtoto alikuwa shule ya serikali unaiandikia shule barua ya kumtoa, unabaki na nakala. Sasa angalia hiyo orodha, sayansi haimo! Jimbo halijaidai lakini chuo kitaidai, na wengi wanachanganyikia hapo, wanatimiza sheria ya jimbo wanadhani wamemaliza haiskuli. Halafu majimbo hayafanani, New York unapeleka ripoti kila robo mwaka, Pennsylvania kuna mtathmini anapitia kazi za mtoto kila mwaka, kwahiyo ndugu yangu wa Pittsburgh usifuate tu anachokwambia shemeji yako wa Dallas, soma sheria ya kwenu.

Mpango wenyewe upange kwa kurudi nyuma. Chagueni vyuo vitatu ambavyo mtoto anaweza kwenda kweli, kimoja kikubwa cha jimbo, kimoja kidogo, na komyuniti koleji (chuo cha umma cha miaka miwili) iliyo karibu na nyumbani, mkae pamoja msome masharti yao ya kujiunga. Mtaona mengi yanafanana, Kiingereza miaka 4, hesabu miaka 3 au 4 na angalau mfike Aljebra ya pili, sayansi miaka 3 yenye maabara ndani yake, historia na uraia kama miaka 3, lugha ya kigeni miaka 2. Krediti moja ni kama masaa 120 ya kazi au kozi ya mwaka mzima iliyomalizwa. Gredi ya 9 ipange yote, ile mingine mitatu iandike kwa penseli tu, kwasababu mtoto wa miaka 14 anayetaka uhandisi anaweza kufika 16 anataka unesi au anataka kuwa fundi umeme, na njia ya fundi nayo ni njia nzuri ya heshima, msimlazimishe chuo.

Kwenye lugha ya kigeni naomba mnisikilize vizuri. Watu wanakimbilia kununua programu za Kispanyola wakati nyumbani kuna Kiswahili, na Kiswahili ni lugha inayofundishwa kwenye vyuo vikubwa vya huku kama Wisconsin-Madison na Indiana. Ila tuwe wakweli, watoto wetu wengi wanaelewa tu, ukimwambia leta maji analeta lakini anakujibu Kiingereza, na kusalimiana na bibi WhatsApp Jumapili hakutoshi kuwa krediti. Lifanye somo kamili. Mwaka wa kwanza asome kwa sauti, ajifunze ngeli vizuri (hapa wanateseka, kitabu changu, vitabu vyangu, gari langu, nyumba yangu, vumilia), aandike kurasa moja moja. Mwaka wa pili aingie kwenye insha, hadithi fupi, ushairi, asikilize taarifa ya habari ya Kiswahili aandike muhtasari, amhoji babu yake kuhusu maisha ya zamani halafu aiandike kama insha ndefu. Kazi zote unaziweka kwenye faili na tarehe. Wanangu wote wawili lugha yao kwenye transkripti ilikuwa Kiswahili, na walikubaliwa chuo, ila mapema tuliandikia chuo kuuliza kama wanataka mtihani wa kuthibitisha, na wewe uliza maana kila chuo kina utaratibu wake. Kwa mimi hii ndo faida kubwa kuliko zote ya kusomesha haiskuli nyumbani, mtoto anaondoka na lugha ya nyumbani kwao akiwa anaiandika, sio anaisikia tu.

Kemia sasa. Sio lazima uifundishe wewe. Khan Academy ni bure, kuna vikundi vya wazazi wanaoajiri mwalimu mmoja wa sayansi na kufanya maabara pamoja, na kuna komyuniti koleji ambako mtoto anachukua darasa la chuo akiwa bado haiskuli na linahesabika huku na kule. Hii ya mwisho inakusaidia na jambo jingine, maana chuo kikiona A tupu zilizotolewa na mama mzazi kinataka ushahidi wa mtu wa nje, na alama ya profesa ni ushahidi tosha. Texas kwa kawaida atafanya kwanza mtihani wa TSIA2, unaopima kama yuko tayari kwa masomo ya chuo, isipokuwa alama zake za SAT au ACT (mitihani ya kuombea chuo) zimemwondolea. Lakini taratibu, alama ya darasa hilo inabaki kwenye rekodi yake ya chuo, kwahiyo kama ana miaka 15 na bado kazi hamalizi kwa wakati msubirishe mwaka, hakuna anayewakimbiza.

Ambacho hakisubiri ni tarehe, na hapa ndo nawaomba mweke alamu kwenye simu. PSAT, mtihani wa kujiandaa na SAT, inafanyika mwezi wa 10, ile ya gredi ya 11 ndo inayoingiza mtoto kwenye shindano la ufadhili la National Merit, na yeye hawezi kujisajili mwenyewe mtandaoni, unatakiwa upate shule ya karibu itakayokubali afanyie kwao, kwahiyo anza kupiga simu kabla shule hazijafunga kiangazi. AP, mitihani ya kiwango cha chuo kwa wanafunzi wa haiskuli, ni hivyohivyo, mtihani ni mwezi wa 5 lakini shule zinaagiza mitihani kufikia mwezi wa 11, ukiuliza mwezi wa 2 umechelewa. SAT mnajisajili wenyewe, pale panapouliza shule mnaweka namba ya wasomao nyumbani 970000, na tangu 2024 inafanyika kwenye kompyuta. Kwa mtoto wa nyumbani mtihani huu una uzito wa ziada kwasababu hana nafasi darasani ya kulinganishwa na wenzake, na vyuo kama UT Austin vimesharudisha sharti la SAT au ACT, walitangaza Machi 2024.

Barua za mapendekezo zinasahaulika sana. Kwenye Common App, fomu moja ya mtandaoni ya kuombea vyuo vingi, mzazi ndo anakaa kwenye nafasi ya kaunsela, wewe ndo unapakia transkripti na kueleza shule yenu inaendaje, lakini barua ya mwalimu iandikwe na mtu mwingine. Hakikisha kufika gredi ya 11 yuko mtu mzima asiye ndugu anayemjua mtoto vizuri kikazi, profesa wa koleji, kocha, msimamizi anakojitolea. Mwenye mtoto anayetaka kucheza michezo chuoni asome masharti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, tangu gredi ya 9, wanataka kozi 16 za msingi na wana fomu ya kila kozi uliyofundisha nyumbani, ukianza kukumbuka vitabu baada ya miaka mitatu utalia.

Transkripti iwe ukurasa mmoja, kozi, alama, krediti, GPA (wastani wa alama), sahihi yako. Pembeni uwe na maelezo ya kozi, mistari michache tu, kitabu gani, kazi gani, alama ulizipataje. Mimi najaza kila mwisho wa muhula jioni moja na inatosha. Cheti unakitoa wewe mzazi na unakisaini. Wengi wanaogopa kwamba bila GED (mtihani wa kupata cheti kinacholingana na cha haiskuli) mtoto hatapata msaada wa fedha wa serikali kuu, sio kweli, aliyemaliza shule ya nyumbani kwa mujibu wa sheria ya jimbo lake, akiwa raia au ana green card, anajaza FAFSA, fomu ya kuomba huo msaada, kama wengine. Kawaida inafunguliwa Oktoba 1, na mkifika kwenye swali la amemalizaje haiskuli mtaona chaguo la aliyesomea nyumbani, mchague hilo mwendelee.