Lindisfarne: bamvua halijui gari lako ni la bei gani

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza kuhusu ngome ya kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini-mashariki mwa Uingereza. Haya, tujibizane.

Tunafika Jumamosi saa sita mchana. Njia itakuwa wazi?
Muulize mwezi. Bahari hufunika ile barabara ya kutoka bara kwenda kisiwani mara mbili kwa siku, na saa zake husogea kila kukicha. Halmashauri ya Northumberland hutoa jedwali la saa salama za kuvuka. Lisome kabla hujalipia hoteli. Saa zake ni za Kizungu: 07:10 ni saa moja na dakika kumi, si saa saba. Swali hili nimelijibu mpaka kalamu imechoka.

Gari letu ni la juu, magurudumu yote yanavuta. Nikichelewa robo saa si nitapita tu?
Hupiti. Kile kibanda juu ya nguzo, kando ya barabara, hakikuwekwa kwa ajili ya picha. Ni cha wenzako waliowaza kama wewe: hupanda mle na kungoja mashua ya waokoaji huku gari likinywa chumvi. Maji hayaji kwa mbele ukayaona. Hupanda kimyakimya kwenye mkondo ulio upande wa bara, nawe umeshaacha kisiwa ukijiona umefika. Wanaonikera zaidi ni watu wa Pemba na Lamu. Mtoto wa pwani, aliyelelewa akijua bamvua, maji yanapojaa sana, na maji mafu, yanapojaa kidogo, akivuka Ulaya anaamini injini!

Kwa miguu je?
Inawezekana, kwa kufuata nguzo za Njia ya Mahujaji. Ondoka maji yakiwa bado yanakupwa, ufike kabla hayajaanza kurudi. Jedwali nililolitaja ni la magari. Mwenda kwa miguu muda wake ni mfupi zaidi.

Watawa waliishi ngomeni?
Hapana. Mtawa Aidan alianzisha monasteri kisiwani mwaka 635. Ngome ni ya karne ya 16, na mawe yake mengine yalitoka kwenye magofu ya watawa. Mwaka 1715 watu wawili tu waliiteka, wakalala nayo usiku mmoja. Baadaye Edward Hudson, mwenye jarida la Country Life, alimpa msanifu Edwin Lutyens aigeuze nyumba ya mapumziko. Kwa hiyo anayetafuta mapanga na mizinga atakuta viti na meko. Usiikose bustani iliyobuniwa na Gertrude Jekyll.

Kigari cha mtoto kitapanda?
Beba mbeleko.