Kampuni Tanzu Ikikua Kumzidi Mama, Iachwe Itoke

Dada mmoja wa Moshi ameniandikia wiki hii. Anaongoza kampuni tanzu ya programu chini ya wanunuzi wa kahawa. Programu yao ya kurekodi mizani na malipo ya wakulima inakua kwa kasi, na mabosi wanamuuliza anataka kutoka aende wapi. Dada, swali hilo nimelijibu mimi kwa miaka.

Sisi tulizaliwa ndani ya kampuni ya utalii hapa Arusha, na programu ya kupanga safari: magari, vyumba, ada za geti za hifadhi. Ilifika mahali, masika yakianza na magari yote yameegeshwa, fedha zetu ndizo zinalipa mishahara ya madereva. Kwenye vikao bado tuliitwa "vijana wa kompyuta". Linaniuma mpaka leo.

Lakini kilichotubana hasa nilikiona Njiro, nilipokaa na mwenye kampuni nyingine ya safari. Programu aliipenda, akaipekua kwenye simu ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza kuhusu seva, kompyuta inayotunza taarifa zote: "Seva iko kwa nani?" Nilipoitaja kampuni mama, alinirudishia simu, akaagiza chai. Nani ampe mshindani wake orodha ya wageni na bei anazowatoza? Na chama gani cha ushirika kitampa mnunuzi wa kahawa mizani ya wanachama wake?

Wakubwa nao yaliwakuta. eBay, soko la mtandaoni, iliinunua PayPal, huduma ya malipo ya mtandaoni, mwaka 2002 kwa dola bilioni 1.5, zikatengana Julai 2015, PayPal ikapata uhuru wa kufanya kazi na washindani wa eBay. VMware, kampuni ya programu za seva ambazo zinaendeshwa hata kwenye seva za wapinzani wa Dell, watengenezaji wa kompyuta, ilitoka mikononi mwa Dell Novemba 2021.

Kwa hiyo usiende kwenye bodi kulalamika kwamba unaonewa. Peleka barua za wateja waliokataa. Mimi nilipeleka, wakanisikiliza.

Na cheti cha BRELA, wakala wa usajili wa kampuni, hakitoshi. Kwetu kilikuwepo, ila programu iliandikwa na waajiriwa wa kampuni mama, ikawa mali yake. Hakimiliki ihamishwe kwa maandishi kabla hamjagusa habari za hisa. Halafu mikataba ya wafanyakazi, akaunti ya benki, paswedi za seva. Kampuni mama ibaki mteja, ilipe kama wengine.

Vijana wenzangu, msione haya kudai mlichokijenga. Na wewe dada, wakikwambia usubiri msimu wa kahawa uishe, omba tarehe, iandikwe kwenye muhtasari wa kikao.