Ucheze BioShock kwa Masikio: Ushauri kwa Anayeshuka Rapture Mara ya Kwanza

Kila anayeniuliza aanze na mchezo gani wa kompyuta wenye kisa kizito, mimi humtajia BioShock, na kabla hajaenda kuutafuta humwomba kwanza atafute hedfoni nzuri. Wengi hutarajia niwaulize kuhusu kadi ya michoro au kasi ya kompyuta zao, kwa kuwa hayo ndiyo maswali ya kawaida ya wapenzi wa michezo hapa Mombasa. Kwa mchezo huu, sikio ndilo litakalomfikisha mtu mbali. Rapture, mji wa chini ya bahari ambamo kisa kinatokea, ni mji uliojengwa uzungumze, na mchezaji anayeuingia mbio huku bunduki imetangulia hupita katikati ya mazungumzo hayo asiambulie neno.

BioShock ulitoka Agosti 2007, kazi ya studio ya Irrational Games chini ya uongozi wa Ken Levine. Kisa chake kinaanza mwaka 1960, ndege inapoanguka katika bahari ya Atlantiki na abiria mmoja, Jack, ambaye ndiye wewe, akanusurika na kuogelea hadi kwenye mnara wa taa uliosimama peke yake baharini. Unaona kila kitu kwa macho yake na wala humwoni yeye. Ndani ya mnara kuna sanamu kubwa ya tajiri Andrew Ryan na bango jekundu linalotangaza kwamba humo hamna miungu wala wafalme, yupo mwanadamu tu. Chombo cha duara kinakuteremsha kilindini, na Ryan anakueleza kwa sauti yake mwenyewe jinsi alivyoikimbia serikali, dini na kila aliyetaka fungu katika jasho lake, akajenga mji chini ya bahari kuanzia mwaka 1946. Dirisha linapofunguka na majumba yale marefu yakatokea, na nyangumi akipita kati yake, usibonyeze chochote. Tazama mpaka chombo kifike, kwa sababu hiyo ndiyo mara pekee utakayouona mji huo kama Ryan mwenyewe alivyotaka uonekane.

Ukishatoka ndani ya chombo hicho, unakuta mji umekwisha kuoza. Kilichouangusha ni dutu iitwayo ADAM, inayotokana na koa wa baharini, ambayo iliwawezesha watu kubadili maumbile yao: huyu arushe moto kwa kiganja, yule atambae juu ya dari. Matumizi yakageuka uraibu, uraibu ukaleta wazimu, na ugomvi wa kuimiliki biashara hiyo ukawa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Hakuna mtu anayekukalisha chini akusimulie haya yote kwa mpangilio. Unayakusanya vipande vipande, na hapo ndipo ushauri wangu unapoanza.

Miongoni mwa sehemu za mwanzo kabisa utakazofika ni mkahawa wa Kashmir, ambamo mapambo ya kuukaribisha mwaka 1959 bado yananing'inia juu ya meza zilizopinduka. Humo utaokota rekodi ya sauti ya Diane McClintock, mpenzi wa Ryan, anayelalamika kwamba ameachwa peke yake tena usiku wa mkesha wa mwaka mpya kwa sababu Ryan ana shughuli. Kisha unasikia mlipuko, na sauti yake inabadilika. Zima pupa hapo. Simama, isikilize rekodi hadi mwisho, halafu uzungushe macho taratibu. Baadaye utagundua kwamba maadui wengi wanaokushambulia wamevaa vinyago vya sherehe, vya sungura, vya ndege, vya kipepeo, na ukiwa uliisikiliza ile rekodi utajua vinyago hivyo vilitoka wapi na kwamba waliovivaa hawajavivua tangu usiku ule. Jambo hilo mimi lilinigusa kuliko pambano lolote la mchezo mzima, na hakuna mhusika anayelitamka.

Aliyewahi kutembea katika magofu ya Jumba la Mtwana, kule Mtwapa, anaifahamu kazi hii ya kusoma nyumba ambayo wenyewe wameondoka. Huko unatazama kisima, choo, kizingiti cha matumbawe, unahesabu milango ya nyumba moja na kujiuliza ni kwa nini ilihitaji mingi kiasi hicho, na kidogo kidogo watu wa karne ya 14 wanaanza kuwa watu. Rapture inataka macho ya namna hiyohiyo. Kila sehemu ya mji ina shughuli yake: Arcadia ni bustani inayoupatia mji hewa ya kuvuta, Hephaestus ni kiwanda cha nishati kinachotumia joto la chini ya sakafu ya bahari, Neptune's Bounty ni bandari ya wavuvi, na Fort Frolic ni mtaa wa starehe ulioshikwa na msanii aliyerukwa na akili, Sander Cohen. Ukiingia mahali papya, jiulize palikuwa pa nini kabla ya vita, nani alifanya kazi pale, nani alikula pale. Majibu yapo kwenye matangazo ya ukutani, vyumba vya kulala na jinsi maiti zilivyolala.

Sauti ina faida ya vita pia. Maadui wa Rapture hujisemea wenyewe muda wote: mmoja anaomba, mwingine analaumu, mwingine anaimba. Mapema sana, papo hapo katika Kashmir, utaona ukutani kivuli cha mwanamke aliyeinamia kigari cha mtoto akiimba wimbo wa kubembeleza. Mkaribie polepole umsikilize. Ukishapambana naye na kuchungulia kigarini, utaona kwamba alichokuwa akikibembeleza ni bastola. Anayekimbia humpiga mgongoni, akaiokota silaha, akaendelea, na kipande hicho cha simulizi kimempita. Tena, anayesikiliza hujua adui yuko chumba kipi, yuko peke yake au wako wawili, na kama kuna mtu darini kabla hajamrukia kichwani.

Mpwa wangu, ambaye yuko chuo kikuu, alikaa kwangu likizo moja akaucheza mchezo huu nami nikiwa kando yake. Alipokutana na Big Daddy kwa mara ya kwanza, lile jitu lililofungwa ndani ya vazi zito la mzamiaji, lenye keekee kubwa mkononi, likiwa nyuma ya kibinti kidogo chenye macho ya kung'aa, alinong'ona, "Mjomba, nimpige?"

"Tulia, mwanangu. Taa zake za rangi gani?"

"Za manjano."

"Basi hana haja nawe. Msikilize kwanza."

Tukamsikiliza. Alikuwa akinguruma kwa huzuni kama nyangumi, akapiga hatua zilizotikisa skrini, akaligonga tundu la ukutani, na kile kibinti kikaitwa kilale. Kanuni yenyewe ni nyepesi: taa za manjano ni amani, nyekundu ni hasira, na kijani maana yake umemfanya awe upande wako. Mradi hujamgusa yeye wala mtoto wake, unaweza kumfuata nyuma kwa umbali wa heshima, ukajifunza njia yake na kuchagua mahali pa kupigania.

Mahali hapo pachague kwa makini. Kabla ya risasi ya kwanza, zidukue bunduki za kujiendesha zilizo karibu ili zikupiganie. Udukuzi wenyewe ni fumbo la kuunganisha vipande vya bomba kabla umajimaji haujamwagika, na ukitulia si mgumu. Weka akiba risasi za kupenya chuma kwa ajili ya Big Daddy peke yake. Uwezo wa umeme unaopewa mwanzoni kabisa usiudharau hata ukipata mwingine mpya: adui aliyepigwa na umeme hushikwa na ganzi kidogo, na pigo la spana linalofuata linakuwa zito maradufu; na akiwa amesimama kwenye maji, umeme huo humuua yeye na walio karibu naye, na katika mji unaovuja kila pembe maji hayakosekani. Ukipata kamera ya utafiti huko Neptune's Bounty, itumie bila uvivu. Kila picha nzuri ya adui hukuongezea nguvu dhidi ya jamii yake, na watu wengi huiacha mfukoni kwa kudhani ni ya mapambo.

Sasa kuna suala la wale mabinti, Little Sisters, wanaobeba ADAM miilini mwao, ambalo vijana hunijadilia sana. Ukimshinda Big Daddy, mlinzi wao, unaachiwa uamuzi: umwokoe mtoto upate ADAM 80 za kununulia uwezo mpya, au umtoe uhai wake kwa ajili ya ADAM 160. Wengi huziangalia namba hizo mbili na kusema kuokoa ni hasara. Hesabu nzima haisemi hivyo. Mabinti ni 21. Ukiwaokoa wote unapata 1,680, na kwa kila watatu unaowaokoa unaachiwa zawadi yenye ADAM 200, jumla 1,400 nyingine. Hiyo ni 3,080 dhidi ya 3,360 za mwenye kuwaua wote, tofauti ya 280 tu, na ndani ya zawadi hizo mna vitu ambavyo muuaji havipati kamwe. Mimi nakushauri uokoe, na ningekushauri hivyo hata kama tofauti ingekuwa kubwa zaidi, kwa kuwa mchezo huu wote ni kesi juu ya watu waliojiambia kwamba faida yao ndiyo haki. Mtoto yule anakutazama usoni wakati unaamua. Usimpitishe kama bidhaa dukani.

Kuhusu mazingira ya kuchezea hapa kwetu, nina machache. BioShock haufai kabisa kuchezwa kwenye kumbi za kukodi, ambako mtu analipia muda, wenzake wanasubiri zamu nyuma ya kiti, na mechi ya mpira inapigiwa kelele kwenye skrini ya pili. Uchezee nyumbani, usiku, baada ya Isha, barabara ikishatulia tuktuk, na feni ikielekezwa kwenye kompyuta pia, maana joto la Kaskazi huichosha mashine kuliko mchezo wenyewe. Stima inaweza kupotea wakati wowote. Kwa bahati njema mchezo unakuruhusu kuhifadhi ulipofika mahali popote, kwa hiyo hifadhi kila unapomaliza chumba. Toleo lililosafishwa la mwaka 2016 linachukua takriban gigabaiti 25, mzigo usiofaa kupakuliwa kwa bando la simu, na linahitaji kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 4 angalau. Mwenye kompyuta ya zamani aridhike na toleo la 2007, ambalo linahitaji takriban gigabaiti 8 za nafasi na halipungukiwi na chochote cha kisa.

Washa maandishi ya chini ya skrini hata kama Kiingereza chako ni kizuri, kwani wahusika huongea kwa lafudhi za zamani, redio inakatizwa na mawimbi, na mara nyingi mtu anakuita redioni wakati rekodi uliyookota bado inasema. Rekodi zote hubaki kwenye menyu, na ni vyema uzirudie ukiwa mahali salama. Muziki wake pia usiuzime. Nyimbo kuukuu zinazotoka kwenye santuri na vipande vya fidla vya Garry Schyman hukuonyesha watu hawa walijiona nani kabla ya kuharibikiwa.

Jiepushe na video za kueleza kisa mpaka utakapomaliza. Kuna jambo katikati ya mchezo ambalo likishafichuliwa halifichiki tena, na linategemea sana umakini ulioutumia kuwasikiliza wale wanaokuelekeza. Kwa ugumu, anza na kiwango cha kati. Mchezo una vyumba vya kukufufua kila unapokufa, na mtu akishavizoea huacha kuogopa. Ukijiona umefika hapo, ingia kwenye mipangilio uvizime, na utaona jinsi kila kona itakavyorudi kuwa na uzito wake.

Kwa wazazi niseme waziwazi kwamba Ulaya mchezo huu umewekewa umri wa miaka 18, na ni sawa. Kuna damu, kuna daktari anayewakata wagonjwa kwa kutafuta uzuri wa kichaa, na kuna watoto waliofanyiwa unyama. Kijana wa darasa la nane asiachiwe.

Ukimaliza, endelea na BioShock 2 wa mwaka 2010, uliotengenezwa na 2K Marin, unaokurudisha Rapture mwaka 1968 ukiwa wewe mwenyewe ndani ya vazi la Big Daddy. Hadithi yake ya nyongeza, Minerva's Den, ni fupi, na kwa maoni yangu ndiyo iliyoandikwa kwa huruma kuliko zote. Imo ndani ya mkusanyiko wa 2016, BioShock: The Collection, kwa hivyo ukinunua mkusanyiko huo hutahitaji kuilipia kando. BioShock Infinite, wa mwaka 2013, unahamia kwenye mji wa angani na ndio wa mwisho kati ya ile mitatu. Uache hadi umalize miwili ya chini ya bahari, kwa sababu hadithi yake ya nyongeza, Burial at Sea, inarudi Rapture na inamhesabu mchezaji kuwa anaijua tayari.