Tembo hakuwamo ukumbini: kwa wadogo zangu wa kibandani

Majuzi nilikaa nyuma ya ukumbi, Arusha, hedifoni masikioni, namsikiliza dogo mmoja, mkalimani, akiwa kazini kibandani, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili. Mzungumzaji akasema "the elephant in the room". Dogo hakupepesa: "Kuna tembo humu chumbani." Na waalikwa walikuwa wanavijiji wanaopakana na hifadhi! Mzee mmoja mbele yangu aligeuka kutazama mlango. Mtu aliyeliwa shamba zima la mahindi hataniwi hivyo.

Nilicheka, nikakasirika, kisha nikakumbuka ya kwangu.

1. Tembo yule ni jambo zito ambalo kila mtu analiona na hakuna anayetaka kulitaja. "Low-hanging fruit" ni kazi nyepesi ya kuanzia, si maembe. "Under the weather" ni kutojisikia vizuri. Utabiri wa hali ya hewa waachieni TMA, mamlaka yake.

2. Kabla ya kikao, ulizeni mwenyekiti katoka wapi. Mimi sikuuliza. Ulikuwa mwaka wangu wa pili, mjadala wa bajeti umechemka, mwenyekiti Mmarekani akasema, "Let's table this." Masikio yangu yamekulia Bungeni: hati huwasilishwa mezani, hoja ikiwa mezani inajadiliwa. Nikatoa kwa sauti ya kujiamini kabisa: "Hoja hii tuiweke mezani, tuijadili." Kwa Mwingereza ningekuwa sahihi, maana utaratibu wenyewe tumeurithi kwake. Mmarekani anamaanisha kinyume chake: tuiweke kando.

Mama mmoja mweka hazina, aliyeisubiri hoja ile tangu asubuhi, akawasha maiki na kuanza. Mwenyekiti alikwishaingia ajenda nyingine, akamkatiza. Mama akapandisha sauti. Akakatizwa tena. Akakusanya mafaili yake, akatoka. Mwenzangu alinisukumia karatasi yenye neno moja: AHIRISHA. Wadogo zangu, bado nilikuwa na muda wa kusema "masahihisho ya mkalimani". Maneno matatu tu. Sikuyasema. Niliona haya, nikaendelea na ajenda iliyofuata kana kwamba mama yule ni mkorofi tu. Wakati wa chai nilimfuata nikamweleza. Alikoroga kikombe muda mrefu, akasema, "Kumbe ni wewe, mwanangu." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

3. Aliye kwenye zamu ya kupumzika ashike kalamu, si simu, amwandikie anayesema, kama mwenzangu na ile AHIRISHA.

4. Methali zetu msizichomeke ovyo. Najua zinawasha ulimi. Mzungumzaji anayeendesha nahau huenda bado hajaimaliza. Rafiki yangu alisikia "don't burn bridges" (usichome madaraja, yaani usiharibu uhusiano utakaouhitaji baadaye), akaona hapa ndipo penyewe, akatoa "usitukane wakunga na uzazi ungalipo" kwa madaha yote. Mzungumzaji akaendelea: daraja hili nimelijenga mimi, nguzo zake nazijua, na mhandisi wake yuko hapa, simama tukuone. Jamaa alihangaika dakika nzima na mhandisi wake ndani ya wodi ya wazazi.