Uzushi: maana na asili ya neno

Swali: Kanisani uzushi hutajwa kuwa kosa zito la imani, lakini sokoni Mwanjelwa nilimsikia muuza viazi akisema kwamba habari za mbolea kupanda bei ni uzushi. Je, ni neno moja? (Msomaji, Mbeya)

Jibu: Ni neno moja, na muuza viazi amelitumia sawasawa. Limetokana na kitenzi "zua", yaani kuleta jambo ambalo halikuwapo, na kwa hiyo anayebuni habari na anayebuni fundisho geni kwa waumini wenzake huitwa wazushi wote wawili. Neno "bidaa", yaani uzushi katika Uislamu, tulilolipata kutoka Kiarabu, nalo lina mzizi wenye maana ya kuanzisha jambo jipya.

Swali: Katika Biblia ya Kigiriki maana ni hiyohiyo? (Msomaji, Tukuyu)

Jibu: Sivyo, na hapa pana utamu wa pekee. Neno la Kigiriki ni "hairesis", ambalo asili yake ni kuchagua, na hapo kale halikuwa neno la lawama, kwani mwanahistoria Josephus alilitumia kwa makundi ya Kiyahudi ya Mafarisayo, Masadukayo na Waesene bila kumshutumu yeyote. Fungua Biblia ya Kiswahili, tafsiri ya Union: katika Matendo 5:17 neno hilo limekuwa "madhehebu" ya Masadukayo, ilhali katika 24:14, Paulo akijitetea mbele ya liwali, anasema Njia yake, yaani imani ya wafuasi wa Yesu, "waiita uzushi". Naona wafasiri walipima vema, kwa sababu pale Paulo anarudia neno la washtaki wake.

Swali: Aliyeacha dini kabisa ni mzushi? (Msomaji, Njombe)

Jibu: Hapana. Huyo ni murtadi. Mzushi angali anajihesabu kuwa muumini.

Swali: Babu yangu ni Mmoravian, na rafiki yake Mkatoliki humwambia kwamba kanisa lake lilianzishwa na wazushi. Ni kweli? (Msomaji, Rungwe)

Jibu: Ni kweli kwamba Jan Hus, padri wa Prague, alihukumiwa kuwa mzushi na kuchomwa moto mjini Konstanz tarehe 6 Julai 1415, na kwamba mwaka 1457 wafuasi wa mafundisho yake waliunda umoja ambao ndio chimbuko la Wamoravian waliofika Rungwe mwaka 1891. Lakini mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alieleza masikitiko makubwa kwa kifo hicho cha kikatili. Ukienda kumwamkia babu, mweleze na hilo, rafiki yake akiwapo.